Pombe ya Jumamosi

Mwaka wa tisini na tatu, katika makazi yote ya wakimbizi ya Katumba, hakukuwa na mtu wa kumshinda Gervais kwa Kifaransa, wala hakukuwa na mtu mwenye haja nacho. Watoto walisoma kwa Kiswahili, wazee waligombana kwa Kirundi, na waliotaka kazi Mpanda mjini walihangaika na Kiingereza. Kifaransa cha Gervais kilikuwa kama suti ya arusi ya mtu aliyefiwa na mke: alikitunza, alikikung'uta vumbi, lakini hakikuwa na pa kwenda. Asubuhi nyingine aliwasalimia kuku wake kwa lugha hiyo ili asije akaisahau.

Mkewe Immaculata alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Binti yao Odeta aliolewa Mishamo, mbali, tena kwa kibali, maana mkimbizi hakutoka makazi yake bila karatasi ya ofisi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na Gervais alitumia kimoja. Viwili vingine alivifagia kila Jumamosi, kisha akavifunga kama alivyovikuta.

Kwa hiyo Padre Fabiani alipokuja na pikipiki yake kumwambia kwamba parokia ina wageni wawili kutoka Uswisi, mtu na mkewe, Gervais alikubali kabla hajaambiwa ni wa siku ngapi.

"Ngoja nimalize, Mwalimu," Padre akasema. "Parokia yao ndiyo iliyotuchangia mabati ya kanisa. Wamepita miaka sitini, na hawajawahi kutoka nje ya nchi yao tangu wazaliwe. Kiswahili hawajui, Kiingereza hawajui. Watakaa kwako Jumanne mpaka Jumapili. Halafu treni mpaka Kigoma, meli mpaka Bujumbura, na ndege yao inawachukulia huko."

Padre aliendelea kusema habari za vyandarua na maji ya kuchemsha. Gervais hakusikia. Neno Bujumbura lilikuwa limeingia masikioni mwake na kufunga mlango.

Huko Bujumbura alikuwa na dada yake, Vénérande. Mwaka wa sabini na mbili, Gervais na mkewe walipovuka ziwa kwa mtumbwi usiku wakikimbia mauaji, Vénérande alikuwa na miaka kumi na saba, yuko shule ya masista mjini, na hakukuwa na njia ya kumfikia. Tangu hapo, kimya. Kwa miaka mingi Gervais hakuthubutu kuandika barua: bahasha yenye muhuri wa Mpanda ingeweza kumponza aliyebaki, na tena angeandika anwani gani? Mwaka uliopita mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Ikola, kando ya ziwa, alimwambia kwamba mtaani Buyenzi kuna mama anaitwa Vénérande, anauza vitenge, ana pengo la jino mbele. Mchuuzi huyo hakuonekana tena. Lakini dada yake alivunjika jino akiwa na miaka tisa, kwenye jiwe la kisima, na Gervais ndiye aliyemkimbiza hospitali.

Jioni ile ile alikaa mezani na kuandika. Barua ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. "Vénérande, mimi ni Gervais. Niko hai. Niko Katumba, ng'ambo ya ziwa. Kama ni wewe, nijibu kwa mkono wa aliyekuletea." Akaikunja na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Halafu akaenda kwa Jeannine kuagiza pombe.

Jeannine alikuwa jirani, na mdogo wake marehemu Immaculata. Alimwita Gervais *muramu*, yaani shemeji, na kwa haki hiyo ya ushemeji alimtania apendavyo.

"Pombe ya mtama? Wazungu wako wanakunywa mtama?"

"Watakunywa. Nina neno la kuwaomba."

Jeannine alijua neno lenyewe, na alijua pia utaratibu. Kwenye vilima vya kwao, juu ya Rumonge, ng'ambo ya ziwa, ombi zito halikutolewa mikono mitupu. Mwenye shida hupika pombe. Huonja wa kwanza, mgeni ajue haina sumu. Hunywa wote kwa mirija kutoka chungu kimoja. Ndipo mwenye shida anasimama na kutoa hotuba, na hotuba hiyo haitaji shida: inasifu, inakumbuka mababu na ng'ombe, inazunguka mlima mara tatu, kisha inanyamaza. Hapo ni zamu ya mgeni. Yeye ndiye anayepaswa kusema, "Tumekunywa chako. Tuambie sasa kilichomo moyoni." Na mtu akishasema hivyo, kukataa ni aibu kubwa.

"Leo Jumamosi," Jeannine akahesabu. "Niloweke mtama, uote, ukauke, nisage, nipike, ichachuke. Kuiva ni Jumamosi ijayo, na hapo nimekimbia."

"Wanaondoka Jumapili."

"Basi una siku moja. Lakini muramu, kwa nini usiwaambie tu mezani, wakila? Shika barua hii, mpe fulani. Basi."

"Nimeshaomba mikono mitupu mara moja," Gervais akasema. "Sirudii."

Jeannine hakumbishia. Mwaka wa sabini na tatu walisimama pamoja kwenye foleni ya mahindi na mablanketi, na mzungu kijana mwenye kaptula aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Gervais, mwalimu mwenye wanafunzi hamsini huko alikotoka, aliguswa kichwa akawa namba mia mbili na kitu. Hakuwahi kukisimulia kisa hicho, lakini tangu siku ile hakuvumilia kofia yake kushikwa na mtu.

*

Walikuja Jumanne, wekundu wa vumbi na jua, wakiwa wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Mume aliitwa Lucien, mwoka mikate, mfupi, mwenye mikono ya mpiganaji. Mke aliitwa Berthe. Alikuwa amefungia pasipoti yake kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akauvaa ndani ya gauni, na kila baada ya muda alijigusa tumboni kuhakikisha ipo.

Gervais alifungua kinywa, na Kifaransa kikatoka. Kilitoka na maneno ya kizamani, ya vitabu vya masista na mabruda, na Lucien akacheka kwa furaha.

"Bwana, unaongea kama babu yangu."

"Babu yako alikuwa mtu mwenye adabu," Gervais akajibu, na Berthe, aliyekuwa hajacheka tangu Dar es Salaam, akacheka.

Aliwapa chumba chake, maana ndicho chenye kitanda kizuri, yeye akahamia kile alichokuwa akilala Odeta. Alfajiri ya kwanza aliamka akasikia kikohozi cha mtu upande wa pili wa ukuta. Kilikuwa kikohozi cha kawaida tu, cha mzee anayetafuta viatu gizani. Gervais alilala kimya akisubiri kisikike tena.

Lucien alikuwa ameamka saa kumi kwa mazoea ya miaka arobaini, na hakujua afanye nini na mikono yake. Asubuhi ya pili alipata kazi. Walinunua unga wa ngano, wakapanga mawe madogo ndani ya sufuria kubwa, wakaweka sufuria ndogo ndani yake, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mzee akaoka mkate. Wa kwanza uliungua tako. Wa pili ulitoka vizuri, na harufu yake ikawaleta watoto mpaka uani. Gervais alishika mfuniko, Lucien akapuliza makaa, hawakuongea kwa saa nzima. Ilikuwa miaka minne tangu Gervais anyamaze na mtu. Kunyamaza peke yake alikuwa amekuzoea, lakini hicho ni kitu kingine.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Dagaa wakavu wa Ikola, Lucien alidhani ni chambo cha kuvulia. Berthe aliosha vyombo kabla ya kula na baada ya kula, na usiku alikagua chandarua kwa tochi kama polisi. Jumatano mchana Gervais alimkuta nyuma ya nyumba, karibu na mipapai, analia kwa siri.

"Unaumwa, mama?"

"Hapana. Nisamehe. Ni upuuzi." Akaonyesha kule msitu wa miombo ulikokwenda mpaka ukagusana na mbingu, tambarare kama meza. "Hakuna mlima. Macho yangu hayana pa kuegemea."

Gervais akatazama na yeye. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala mchana ili nisione," akasema. "Mimi pia nimetoka milimani."

"Ah. Basi na wewe umewahi kusafiri nje ya nchi yako?"

"Mara moja."

"Ulikaa muda gani?"

"Bado niko safarini, mama."

Berthe alimtazama. Kisha akaitazama nyumba, bati lililoanza kushika kutu, mipapai iliyokuwa mirefu kupita paa. Akafuta macho. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati, kati yao, umbali wa kiganja. Gervais aliinua mkono, akaurudisha. Jumamosi, akajiambia. Jumamosi itakuwa na heshima yake.

Jioni Lucien aliweka mfuko wa plastiki mezani akaumimina. Zikamwagika bahasha, karatasi za daftari zilizokunjwa, moja imefungwa kwa uzi mwekundu.

"Thelathini na moja," akasema. "Tangu jana. Kanisani, njiani, mpaka chooni kuna mtu alinisubiri. Nadhani ni ada za shule, au baiskeli. Mimi ni mwoka mikate. Kule kwetu walituonya: msimwahidi mtu kitu. Lakini hawakutuambia jinsi ya kulala baada ya hapo." Akazikusanya moja moja, kwa upole, kana kwamba zingeweza kuumia. "Nyumba hii ndiyo mahali petu pa kupumzika. Wewe peke yako hujatuomba kitu."

"Tutawaambia nyumbani," Berthe akaongeza. "Kwamba tulikuwa na rafiki."

Gervais aliinamia sahani yake. Alitaka kufurahi kwa neno hilo, na alifurahi kweli, lakini furaha yenyewe ilimchoma kama mwiba wa samaki. Usiku huo aliitoa barua mfukoni na kuiweka chini ya mto. Asubuhi akairudisha mfukoni.

*

Alhamisi mchana Padre Fabiani alikuja, akazungumza na wageni kwa ishara na kwa Kilatini kidogo, kisha akamwita Gervais aje kutafsiri vizuri. Wageni wameingiwa na wasiwasi. Wamepiga hesabu na wameona kwamba treni ya Jumapili ikichelewa meli itawaacha, na meli ikiwaacha ndege itawaacha. Wanataka kuondoka kesho Ijumaa.

"Ni mara yetu ya kwanza," Lucien alieleza kwa aibu. "Mtu aliyezoea angecheka. Sisi tunaogopa kuachwa."

"Ndiyo," Gervais akatafsiri, na akasahau kutafsiri yaliyobaki.

Alikwenda kwa Jeannine mbio, mzee wa miaka hamsini na sita mwenye kofia. Jeannine akafunua chungu, akachovya kidole, akaonja.

"Togwa hii, muramu. Bado ni tamu, ya kupewa watoto."

"Ikizungushiwa moto?"

"Ukiizungushia moto utapata uji. Pombe haiogopi treni." Akamtazama usoni na sauti ikamlegea. "Mpe barua mkononi. Sasa hivi, kabla ya chakula. Nitakwenda na wewe nishike mkono wako mwingine."

"Wamesema mimi peke yangu sijawaomba kitu."

"Kwa hiyo wamekusifu, na sifa zimekufunga kamba. Vénérande ataishi na hiyo sifa?"

Gervais alifunika chungu, akaondoka. Lakini Ijumaa, gari la parokia lilipowapeleka wageni stesheni ya Katumba, Jeannine alikuwa ameshafika kwa miguu, chungu kichwani, mirija minne kwenye kanga.

Stesheni ilikuwa na watu wengi: akina mama wenye mafurushi ya mihogo, madebe ya asali kutoka Inyonga, mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya taa. Treni kutoka Mpanda ilikuwa imeshasikika honi. Jeannine akatua chungu chini, akachomeka mirija. Gervais akainama, akaonja wa kwanza. Ilikuwa tamu kweli, tamu ya kuchukiza. Akawaelekeza wageni. Lucien akapiga magoti bila kuulizwa, akavuta, akainua uso uliong'aa.

"Nzuri. Kama maji ya shayiri ya mama yangu."

Berthe aligusa pasipoti yake, akasita kidogo, kisha naye akanywa. Jeannine akanywa. Wakanywa wanne kutoka chungu kimoja, na Gervais akaona kwamba japo pombe ni changa, utaratibu umekaa. Akavua kofia. Akaanza.

Aliongea kwa Kifaransa cha mwaka wa sabini na mbili, wima, mikono nyuma, kama mbele ya darasa. Alisema kwamba mgeni ni mvua, hainyeshei nyumba moja. Alisifu mkate, na mikono iliyouoka, na mama aliyelilia mlima. Alitaja ng'ombe wa babu yake, walivyokuwa wakishuka jioni mpaka maji ya ziwa, na upande wa pili wa ziwa ukionekana kama wingu, na jinsi yeye akiwa mtoto hakujua kwamba wingu hilo siku moja lingekuwa anwani yake. Alisema kwamba damu ikigawanywa na maji haiachi kuwa damu. Treni iliingia nyuma yake na watu wakaanza kusukumana, yeye hakugeuka. Alisema kwamba kuna wanaovuka maji na kuna wanaobaki, na heri anayevuka akiwa na njia ya kurudi. Alikuwa hajawahi kutoa hotuba nzuri kama hiyo maishani mwake, na alijua.

Halafu akanyamaza, kama inavyotakiwa. Akasimama, kofia mkononi, akimtazama Lucien, na akasubiri aulizwe.

Lucien alikuwa na machozi. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, na wote wawili wakaanza kupiga makofi.

Walipiga makofi kwa moyo wote. Waliokuwa karibu, ambao hawakuelewa hata neno, wakapiga nao. Berthe akamkumbatia Gervais, uso wake umegandamiza mfuko wa shati na karatasi iliyokuwemo. "Hakuna mtu aliyewahi kutusemea maneno kama hayo," akasema.

"Mpe," Jeannine akanong'ona kwa Kirundi. "Muramu. Mpe sasa."

Kulikuwa na nafasi bado. Lucien alipanda, akamvuta mkewe, akafungua dirisha, akatoa mkono, na Gervais akaushika mkono huo kwa muda mrefu, treni ilipoanza kujivuta akatembea nao hatua kumi, kumi na tano. Ilitosha kusema jina moja na mtaa mmoja. Lakini hakuulizwa. Mwenye shida asipoulizwa baada ya hotuba, kwao, maana yake ni kwamba ombi limejulikana na limekataliwa kwa upole, na mtu mwenye adabu halirudii. Akili yake ilimwambia kwamba hawa hawajui. Ulimi haukupokea habari hizo kwa wakati. Mkono ukachomoka, na dirisha likawa moja kati ya madirisha mengi.

Walirudi kwa miguu. Jeannine alibeba chungu.

"Walipiga makofi," Gervais akasema hatimaye.

"Nilisikia. Makofi hayafiki Bujumbura, muramu."

Jumamosi pombe iliiva, kali na safi, kama Jeannine alivyoahidi. Majirani walikuja, wakainywa uani kwa Gervais, wakamsifu kwa kuwakaribisha, wakauliza habari za Wazungu na jinsi wanavyooka mkate. Aliwajibu wote. Jua lilipotua wakaenda kwao. Aliingia chumbani kukunja mashuka ya wageni akakuta Berthe ameyakunja tayari, pembe kwa pembe, na kwenye mto kulikuwa na unywele mmoja mweupe. Alikaa kitandani. Alisubiri ukutani pakohoe mtu. Palikuwa kimya, na sasa kimya hicho kilikuwa na umbo, kwa sababu alikuwa amejua kingeweza kujazwa na nini. Ndipo akaanza kusema kwa sauti, chumbani peke yake, kwanza Kifaransa, kisha Kirundi, kisha Kiswahili, sentensi moja ile ile. Ninamtafuta dada yangu. Ilikuwa fupi. Kila lugha iliimaliza kwa pumzi moja.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisi ya mkuu wa makazi. Karani wa vibali alikuwa Manyanda, Msukuma kutoka Kahama, mtu mpole aliyekwisha kuzoea wazee wa Kirundi: kwamba wataketi, watauliza watoto, watauliza ng'ombe, na robo saa itapita kabla shida haijaonyesha pua. Alikuwa ameshamsogezea kiti.

Gervais hakuketi. "Nataka kibali cha kwenda Kigoma."

Manyanda akaweka kalamu chini. "Mwalimu. Hata salamu?"

"Nina dada yangu Bujumbura. Miaka ishirini na moja sijamwona. Nataka nisimame bandarini, nimwulize kila anayeshuka na kila anayepanda kama anamjua, na atakayekubali nimpe barua."

"Sasa wageni wako si wamepita huko huko? Kwa nini hukuwapa wao?"

"Sikuwaomba."

Karani alimwangalia mzee huyu aliyesimama na kofia mkononi, jasho limemtoka saa mbili ya asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, kisha akavuta droo na kutoa fomu.

"Siku ngapi?"

"Nyingi kabisa unazoweza kunipa ni ngapi?"

"Kumi na nne."

"Nipe kumi na nne."

Manyanda akaanza kuandika. Gervais akatazama kalamu ikitembea mpaka mwisho wa mstari wa kwanza. Ndipo akavuta kiti, akaketi, akavuta pumzi, na akamwuliza kama kwao Kahama mwaka huu wamevuna vizuri.